Tulipu Thelathini na Ndizi za Jeddah

Mimi ni mtu wa viazi. Nasema hivyo mapema ili msomaji asidhani nilifanya nilichofanya kwa ujinga. Nililelewa Kinangop, kwenye baridi, na kabla sijajua kusoma nilikuwa najua kuchungulia gunia la mbegu za viazi na kusema hizi zimeamka, hizi bado zimelala. Makosa niliyofanya Saudia niliyafanya kwa ujuzi, na makosa ya ujuzi ndiyo mabaya zaidi, maana mtu huyafanya huku akijipiga kifua.

Nilikuwa mwaka wa tatu wa kazi za ndani katika nyumba moja ya kizamani mtaa wa Malaz, Riyadh, yenye ghorofa mbili na ua mdogo wa nyuma. Waliokaa humo ni madam, mwalimu wa shule ya wasichana. Mumewe, ambaye sisi wafanyakazi tulimwita baba. Na watoto wawili ambao hawahusiki sana na habari hii kwa sababu walikuwa na simu zao. Dereva, Mkenya mwenzangu wa Kakamega, alikuwa na chumba chake kando ya geti. Ule ua haukuwa na kitu ila mlimau mmoja, kamba ya nguo, na vumbi nililolifagia kila asubuhi na kulikuta limerudi kabla ya adhuhuri.

Madam alikuwa ametembea Ulaya majira ya machipuko akaona mashamba ya maua ya tulipu, na tangu siku hiyo hakuwa na raha. Mwezi wa kumi likaja sanduku kutoka duka moja la miche. Ndani mlikuwa na mifuko miwili ya wavu, na katika kila mfuko vitunguu thelathini vya maua, vyenye ganda la kahawia. Madam alinieleza kwamba maua haya hayachanui mpaka yapigwe na baridi ya kwao, na kwa kuwa Riyadh haina baridi ya kutosha, yangelazwa kwenye friji wiki kumi na mbili yakidhani ni Ulaya. Nilicheka kimoyomoyo. Nilikotoka baridi ilikuwa ya bure na hakuna aliyeitaka.

Basi tulipu zikapewa friji ndogo ya stoo, zenyewe peke yao. Amri ilikuwa moja. Madam alinyoosha kidole na kusema, kwa kile Kiarabu cha kutuchanganyia, "Mafi matunda humu, hakuna. Hata moja." Hakuniambia kwa nini, nami sikuuliza. Madam alikuwa na amri nyingi zisizo na maelezo, kama ile ya kwamba kitambaa cha vioo vya dirisha kisiguse kioo cha bafuni. Aliyeumia ni baba, maana friji ile ndiyo aliyokuwa akiwekea tufaha zake. Mara kwa mara nilimkuta ameifungua, amezitazama tulipu, ameifunga tena na kuondoka kama mtu aliyenyang'anywa chumba ndani ya nyumba yake.

Sasa niseme shida yangu. Binti yangu alikuwa kidato cha pili, shule ya bweni. Sikuwa nimemwona kwa miaka miwili na nusu. Likizo yangu ilikuwa imeahirishwa mara mbili, mara ya kwanza kwa sababu ya harusi ya dada yake madam, mara ya pili kwa sababu nisizozikumbuka, nadhani hata madam hazikumbuki. Sasa alikuwa anataja Julai. Julai shule zimefunguliwa. Mwezi wa nne ndio shule hufunga wiki tatu, na mimi niliutaka mwezi wa nne kama mgonjwa anavyotaka maji. Kwenda nyumbani Julai kungekuwa kwenda kusalimia kitanda cha mtoto.

Madam naye alikuwa na lake. Mama mkwe wake alikuwa anakuja kutoka Jeddah kabla ya Ramadhani. Tulimwita Hajja, na Hajja alikuwa na maoni kwamba Riyadh ni mji wa ofisi na vumbi, na kwamba mwanawe alioa huko kwa bahati mbaya. Katika miaka kumi na mmoja ya ndoa ile, Hajja hakuwahi kukubali kwamba amekosea jambo lolote mbele ya mkaza mwana. Kuna mwaka aliutia wali chumvi mpaka paka akaukataa, akasema tatizo ni maji ya Riyadh.

"Hajja akikuta maua uani kwangu," madam aliniambia, "Aprili ni yako. Tiketi nitaikata mwenyewe."

Nikamuuliza, na yasipochanua? Akasema tutazungumza. Nilikuwa nimekaa vya kutosha kujua kwamba tutazungumza maana yake ni Julai. Hapo ndipo nilipojipiga kifua nikamwambia kwamba mkono wangu haujawahi kupanda kitu kikakataa.

Mwezi wa kwanza, likizo ya shule ilipofika, familia ikaenda Jeddah kwa wiki moja. Wao walipanda ndege. Mimi, dereva na tulipu tulikwenda kwa gari, kwa sababu madam alilihitaji gari huko, na kwa sababu swichi ya umeme ya stoo ilikuwa na tabia ya kujizima na hakuthubutu kuziacha. Zikawekwa kwenye sanduku la barafu, na sanduku likawekwa magotini mwangu. Jangwa likatupita kwa muda wa saa kumi hivi. Kila kituo cha mafuta dereva alishuka kununua barafu mpya, na kila mara alirudi akitikisa kichwa.

"Sista," aliniambia, "mimi nimebeba watu wa kila namna hii nchi. Lakini kubeba vitunguu vina AC yao, hapo nimefika mwisho."

Nikamwambia aangalie barabara.

Hajja alikaa Al-Baghdadiyah, ghorofa ya pili ya jengo la zamani lenye maduka chini. Alikuwa mwanamke mdogo, mkavu, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa uzi. Aliniangalia nikipanda ngazi na lile sanduku akauliza ni samaki gani hao. Nikafungua. Nikamweleza habari ya friji na ya wiki kumi na mbili. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba yeye kiyoyozi chake kimeharibika tangu Idi na mwanawe hajaleta fundi, lakini anafurahi kuona vitunguu vya mkaza mwana wake vinatunzwa.

Nikaziweka tulipu kwenye friji yake, rafu ya chini, mbali na kila tunda. Lakini moyo haukutulia. Wiki kumi na mbili zilikuwa zinaisha na hakuna hata moja iliyoonyesha jicho. Nilizigeuzageuza, nikazibonyeza. Zimelala fofofo. Nikaanza kuhesabu wiki zilizobaki mpaka Hajja aje Riyadh, na kila nilivyohesabu Julai ilizidi kunisogelea. Mwishowe nikampigia simu mama yangu, Kinangop.

Mama hakupoteza muda. Aliniuliza kama nimezilaza na ndizi.

Kwa asiyelima viazi, nieleze. Mbegu ikikataa kuamka na mvua imekaribia, kwetu unaitia gizani pamoja na ndizi zilizoiva sana, unaifunika vizuri. Joto la ndizi, au harufu yake, au uchawi wake, sijui, humfikia yule aliyelala akashtuka. Baada ya siku chache macho yanatoka. Mama amefanya hivyo maisha yake yote na hajawahi kukosa shamba. Nilimwambia hivi si viazi hasa, ni aina ya viazi vya maua. Akasema mbegu ni mbegu, na kwani huko Arabuni hakuna ndizi?

Niliikumbuka amri ya madam. Niliikumbuka vizuri, nikaichunguza kama wakili. Alikuwa amesema mafi matunda humu. Humu ni ndani ya friji. Ya nje ya friji hakuyasema. Nikashuka dukani nikanunua ndizi sita zilizoanza kuwa na madoa, nikachukua mfuko mmoja wa tulipu, thelathini, nikazifungia pamoja ndani ya karatasi na kuzisukuma chini ya sinki. Ule mfuko wa pili niliuacha kwenye friji. Si kwamba nilikuwa na shaka. Ni desturi tu ya mkulima kutotoa mbegu yote siku moja.

Siku ya pili Hajja akanifuma nimepiga magoti chini ya sinki yake. Akataka kujua ninaficha nini. Nikamweleza kwa Kiarabu changu cha jikoni na kwa mikono. Akainama, akaichukua tulipu moja, akainusa, akainusa na ndizi. Halafu akasema hii ni akili, na wala si ya mkaza mwana wake. Akaenda mezani akaleta mapera mawili yaliyoiva, akayatia ndani ya karatasi kwa mkono wake mwenyewe, kwa hoja kwamba ndizi za Jeddah ni mvivu zikiachwa peke yao.

Akauliza haraka yote hii ni ya nini. Nikamwambia habari ya Aprili. Akauliza binti ana kimo gani sasa. Nikainua mkono mpaka kwenye bega langu, kisha nikasita, nikaushusha, kwa sababu bega lilikuwa la kukisia na pale nilipoushusha palikuwa pa siku niliyomwacha. Sikujua mkono niuweke wapi. Nilisikia aibu iliyonichoma, aibu ya mama asiyejua mtoto wake amefika wapi. Hajja aliufunga mdomo wa ile karatasi. Aliosha mikono, akaenda chumbani kwake.

Siku ya nne vile vitunguu vya ndizi vilikuwa na ncha za kijani. Nilimpigia mama nikamshukuru mpaka salio likaisha.

Tuliporudi Riyadh nikachimba. Madam alisimama na karatasi ya maelekezo, mimi nikiwa na jembe dogo, tukapanda kando ya ukuta. Kulia kwa mlimau niliweka zile thelathini za ndizi, kushoto zile za friji peke yake. Madam alishangaa kwamba nusu zimeamka na nusu bado. Nikamwambia hata watoto wa tumbo moja hawaamki saa moja. Ndani ya wiki mbili kulia kulikuwa kumejaa majani mapana, mazuri, ya kujivunia, na kushoto udongo umekaa tu. Kila asubuhi nikimwaga maji nilizisimanga zile za kushoto kwa Kikuyu. Dereva akanisikia, akasema kama ninagombana na udongo basi likizo ninayoihitaji si ya Aprili, ni ya kesho.

Halafu za kushoto zikaamka. Zikatoa majani, na katikati ya majani zikatoa chipukizi nene la kijani, na siku moja chipukizi likaanza kuona haya, wekundu kwenye ncha. Asubuhi iliyofuata nilitoka na ndoo ya kudekia, na jua lilikuwa limepita ukuta, na tulipu ya kwanza ilikuwa imefunguka.

Sikuwa nimejiandaa. Mimi maua nayajua. Kwetu yanalimwa kwenye nyumba za plastiki, yanakatwa, yanapandishwa ndege, na shangazi zangu wamekohoa miaka mingi kwa dawa zake. Sijawahi kulishangilia ua. Lakini hili lilikuwa jekundu jekundu kabisa, limesimama peke yake penye vumbi nililopigana nalo miaka mitatu, na ndani yake mlikuwa na weusi na unjano uliopangwa vizuri kama mtu aliyejipamba akijua hakuna atakayemchungulia. Niliweka ndoo chini. Nikafurahi vibaya sana, furaha isiyo na maana, ya kutaka kumwita mtu. Nikamwita dereva. Akaja na mswaki mdomoni, akalitazama kwa muda, akasema, "Sasa hii ndiyo tulibeba?" Akaenda kuvaa shati safi akarudi kupiga picha na lile ua.

Kufikia mwisho wa wiki yalikuwa zaidi ya ishirini, mekundu na ya njano, yakifunguka jua likipanda na kujifunga jioni. Madam alipiga picha mpaka simu ikajaa. Baba, ambaye sikuwahi kumwona akija uani ila kwa kutafuta kiatu, alianza kuleta kiti na kikombe chake cha chai. Alikaa mbele ya maua, na siku moja nikamsikia akiyaambia taratibu kwamba ameyasamehe. Nadhani ilikuwa habari ya friji.

Na upande wa kulia? Majani. Majani mapana, yenye afya, na katikati ya kila mche kitu kidogo kilichosinyaa, kikavu, kama ganda la kitunguu saumu. Nilizisubiri. Nilizipa maji zaidi, kisha nikazinyima. Nilizibembeleza. Nilimpigia mama akaniuliza zimezaa chini? Hapo ndipo nilipoelewa. Ndizi huamsha kila kitu. Kiazi hakina habari na ua lake, ukikiamsha hivyo hakipotezi kitu. Tulipu haina kingine ila ua, na ua ndilo lililokauka.

Hajja akafika siku kumi kabla ya Ramadhani. Kabla hajavua abaya akataka kuona uani. Tukatoka wote, madam mbele. Hajja akavaa miwani, akatembea kushoto polepole, akainama kwenye ua moja moja, akasema ni mazuri. Madam akanenepa hapo hapo tukimwona. Kisha Hajja akageukia kulia, akauliza, na hii kabichi?

Madam alikuwa na jibu, maskini, tena alilitoa kwa furaha. Asubuhi ile alikuwa amemtumia muuza miche picha, na jibu ndiyo kwanza lilikuwa limeingia kwenye simu. Akalisoma kwa sauti. Lilisema tulipu zikikaa karibu na matunda yaliyoiva, ua hufia ndani yake, na kwa hiyo friji haitakiwi kuwa na matunda. Sauti yake ikapungua akisoma. Akainua macho, akamtazama baba kwanza, kwa ajili ya tufaha. Baba akainua mikono juu. Kisha akanitazama mimi.

"Nani aliziweka na matunda?"

Nilifungua mdomo. Nataka iandikwe kwamba nilifungua mdomo na kwamba nilikuwa nakwenda kusema kweli, kwa sababu thelathini ni nyingi na uongo wangu kwa Kiarabu haujawahi kufika mbali. Niliiona Julai imesimama pale mlangoni imevaa viatu. Nikasema, "Madam, mimi…"

"Ni mimi," akasema Hajja.

Madam akashusha simu. Madam alimtazama mama mkwe wake kana kwamba ukuta umesema.

"Wewe, Hajja?"

"Niliona zinalala mno. Nikazitia ndizi na mapera. Nyumbani kwangu, chini ya sinki." Akavua miwani. "Nilikosea."

Madam akasema samahani, hakusikia vizuri. Hajja akarudia. Madam akamvuta baba mkono, ingawa baba alikuwa amesimama hatua mbili tu, akamwambia mama yako anasema kitu. Na Hajja, meno ameyabana, akasema mara ya tatu kwamba alikosea. Nilimwona madam akilipokea neno lile taratibu, neno la miaka kumi na mmoja, na uso wake ukachanuka kuliko kitu chochote kilichokuwa kimepandwa pale. Akambusu Hajja kichwani. Akasema halas, yamekwisha, si kitu, maua ni maua tu, na nusu ni nyingi. Mchana ule aliimba akipika, na kabla ya magharibi akaniita kunionyesha tiketi kwenye simu: Nairobi, wiki ya kwanza ya Aprili, kurudi mwanzo wa Juni.

Nilimpelekea Hajja chai chumbani. Nilitaka kumshukuru, Kiarabu kikanikimbia, nikabaki nimeshika sinia na machozi yananitoka. Aliniacha nilie kidogo. Kisha akasema kwamba ana binti aliyeolewa mbali, na kila anapokuja humkuta ni mtu mwingine inabidi waanze kujuana upya.

"Nenda," akasema. "Lakini usiporudi Juni, nitamwambia mkaza mwana wangu kweli. Neno langu lile nitalichukua tena."

Nikamwambia nitarudi, na nilisema kweli.

Binti yangu alinipita kwa kimo. Tulikumbatiana uwanja wa ndege na kidevu chake kikatua juu ya kichwa changu, na njia nzima kwenda nyumbani tulikuwa na adabu kama wageni wawili, pole na safari, asante, shule ikoje, nzuri. Nilikuwa na hofu kubwa kuliko ile ya uani. Jioni ya pili, jikoni kwa mama, akashika simu yangu akiangalia picha, akauliza mbona maua yako upande mmoja tu. Nikamsimulia yote. Nilipofika kwenye mapera alianza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye sakafu, akiniambia, "Mathe, wewe," huku akijifuta macho. Kwa simu kicheko chake nilikuwa nimekisikia mara nyingi, chembamba, kinakatika mtandao ukikatika. Sikujua kwamba kilikuwa kimekuwa kizito. Nikakaa chini naye.